Eldoret kwa Picha Pana

Mpiga picha wa Mombasa amedekezwa na bahari. Husimama upande wa Nyali jua linapokuchwa, akaliweka Daraja la Nyali mbele yake, maji chini na kisiwa ng'ambo, na nusu ya kazi imekwisha kabla hajafungua kamera. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1980 likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931, hata simu ya mkononi hulinasa likapendeza.

Eldoret haikujaliwa hivyo. Ni mji wa nyanda za juu, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, uliozungukwa na mashamba ya mahindi na ngano. Mto wake, Sosiani, hupita katikati ya mji chini ya madaraja ambayo msafiri huyavuka bila kujua kwamba amevuka. Huko ndiko nilikokwenda mwezi wa Januari, nikifuatana na mwana wa dada yangu ambaye riziki yake ni kupiga picha pana, zile ziitwazo panorama. Alikuwa ameagizwa picha ya jiji zima, nyuzi 360, yenye undani wa kutosha mtu kuisogelea na kusoma mabango ya maduka. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba stendi ya kamera na kuuliza maswali.

Wenyeji wengi bado huuita mji huu Sisibo, matamshi ya kienyeji ya namba 64 kwa Kiingereza, kwa kuwa posta iliyofunguliwa mwaka 1910 ilisimama juu ya Shamba Namba 64, mojawapo ya yale ambayo serikali ya kikoloni iliyakata kwa ajili ya walowezi. Jina Eldoret lilikuja mwaka 1912, kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, likapewa kiishio cha Kinandi. Reli ilifika mwaka 1924. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ulitunukiwa hadhi ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kwa hiyo jina lenyewe ni la mto, na anayetaka kuianza picha ya Eldoret mahali panapostahili na aanzie Sosiani.

Tulifika darajani mara baada ya sala ya Alfajiri, baridi ikipenya hadi mifupani. Mtu wa Pwani asidanganywe na ramani inayoonyesha kwamba mji huu umekaribiana na ikweta; sweta ni lazima.

Picha pana si picha moja iliyopanuliwa. Ni picha nyingi zilizopigwa moja baada ya nyingine, kila moja ikifunika theluthi hivi ya jirani yake, kisha programu ya kompyuta ikatafuta alama zinazofanana na kuziunga. Ili mishono isionekane, mwanga, rangi na ulengaji lazima vifungwe tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kamera ikiachwa ijiamulie, anga hutoka na mabaka kama kanzu nyeupe iliyofuliwa pamoja na nguo ya rangi.

Darajani kuna taabu ya ziada. Msomaji na anyoshe kidole mbele ya uso, afumbe jicho moja, kisha ageuze kichwa polepole: kidole kitaonekana kikihama juu ya ukuta ulio nyuma yake. Ndivyo vyuma vya daraja vilivyo karibu vinavyohama juu ya mto ulio mbali, iwapo kamera itazungushwa kwa kitako chake. Yatakiwa izunguke juu ya nukta iliyo ndani ya lenzi, pale mwanga unapoonekana kuingilia, na kijana hutumia kipande cha reli ya chuma juu ya stendi kuipata nukta hiyo. Asipoipata, daraja zima hutoka limevunjika pachapacha.

Kinachosogea hakina dawa kamili. Barabara ya Uganda, inayopita Eldoret, ndiyo njia ya malori yanayobeba makontena kutoka bandari yetu ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Lori moja lilitokea katika picha tatu mfululizo, na kama kijana hangelifuta mara mbili, lingeonekana msafara. Matatu ilitoka nusu. Mpanda boda boda alikuwa na kichwa lakini hana pikipiki. Kisha kulikuwa na taka: mifuko na chupa za plastiki kwenye ukingo wa mto, ambazo picha ya kawaida ingezifanya kuwa vidoa tu. Kijana hakuzifuta, na nilimuunga mkono. Lori lilifutwa kwa sababu halikuwa matatu. Taka zilikuwapo kweli.

Kutoka mtoni tulipanda juu ya ghorofa moja katikati ya mji, kwa idhini ya mwenye jengo. Asubuhi za Januari hewa huko ni safi hadi saa tatu au saa nne, kisha vumbi na moshi huanza kuuchafua upeo wa macho. Kijana alitumia lenzi ya milimita 150, akazungusha kamera hatua 40 kwa kila duara, akashuka safu baada ya safu hadi zikawa tano. Hizo ni picha 200. Kamera yake ni ya pikseli milioni 24, na ukiondoa zile sehemu zinazofunikana, picha iliyoungwa hubaki na pikseli bilioni 2 na ushei. Kila duara huhitaji kianzio, nasi tulianzia Kibla. Mombasa na Makka zinakaribiana sana kwa longitudo, hivyo kwetu Kibla ni kaskazini moja kwa moja. Eldoret iko magharibi zaidi, na Kibla chake huinama kidogo kuelekea mashariki.

Mchana, hotelini, akaniita nitazame kazi yake. Akaivuta picha karibu: mabati ya mitaa ya pembeni, nguo kambani, watoto njiani. Kisha ua mmoja uliozungushiwa mabati, usioweza kuonekana na mpita njia yeyote, na ndani yake mama ameketi juu ya kigoda, kichwa wazi, akisukwa nywele na binti yake. Uso ulitambulika. Hesabu yake si ngumu: kwa lenzi ile, kwa umbali wa mita 200, pikseli moja hufunika chini ya sentimita moja. Kijana akaifunika kompyuta.

Yule mama alikuwa amejistiri kwa kipimo chote ambacho mjenzi wa ua hukijua. Ustaarabu wetu unamtaka mgeni apige hodi na asimame kando ya mlango, asichungulie. Kamera hii ilikuwa imepita juu ya ukuta bila hodi. Ndege isiyo na rubani ingalau husikika, na tangu mwaka 2020 ina kanuni zake chini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kamera iliyo juu ya ghorofa haina sauti. Picha ya London iliyopigwa mwaka 2012 kutoka mnara wa BT na kuungwa kufikia pikseli bilioni 320 iliwafanya watu wa dunia nzima kushangilia kwamba waweza kuhesabu madirisha. Nyuma ya madirisha mna watu.

Na Eldoret si mji wowote tu. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa viungani mwake, kanisa lililojaa watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi lilichomwa moto, na wengi waliofia humo walikuwa wanawake na watoto. Katika wiki zile nyumba zilichomwa kwa kuwa ilijulikana ni za nani. Mlinzi wa ghorofa, mtu mzima, alipotuona tukielekeza kamera kwenye makazi alikuwa ametuuliza neno moja tu: "Na hizo nyumba za watu, mnazipeleka wapi?" Wakati ule nililiona swali la kutaka mazungumzo.

Kijana naye alikuwa na hoja, na si hoja nyepesi. "Mjomba," akaniambia, "tukikata kila kitu, baada ya miaka 50 watu wataiona Eldoret kwa nini?" Akanikumbusha Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri aliyepiga picha za kwanza za Madina mwaka 1861 na za Makka mwaka 1880 na 1881, akiunga picha ubavu kwa ubavu kupata mandhari pana. Majengo mengi yaliyozunguka misikiti miwili mitukufu wakati ule hayapo tena, na atakaye kujua yalivyokaa hurejea kwenye picha zake. Eldoret nayo inabomoa na kujenga kila mwezi. Nyumba za mabati tulizoziona huenda zisiwepo muongo ujao, wala hakuna atakayezichora.

Waliafikiana, yeye na nafsi yake, hivi: safu ya chini kabisa, yenye nyua za karibu, ameiondoa. Sehemu nyingine zenye watu ndani ya maboma yao amezififiza hadi mtu abaki umbo tu. Mwagizaji atapewa picha ya karatasi, upana wa mita sita na kimo cha nusu mita hivi, ambayo jicho haliwezi kuivuta karibu. Faili kubwa hakuitoa. Mwagizaji anaitaka, na kwa neno lake ndiyo aliyoilipia malipo ya awali. Mpaka ninapoandika haya hawajapatana.

Siku ya mwisho tulikwenda Iten, mwendo wa kilomita 30 na kitu, mita 2,400 juu ya bahari, mji wa wakimbiaji. Hapo ardhi hukatika ghafla, na Bonde la Kerio hulala zaidi ya mita 1,000 chini, vilima vya Tugen vikiwa ng'ambo. Kwa mpiga picha ni mapumziko: kila kitu kiko mbali, hakuna cha kuhama mbele ya kingine, na safu moja ya picha 12 ilitosha. Mwenye nafasi na ateremke zaidi hadi Cheploch, ambapo barabara ya Kabarnet huvuka mto Kerio juu ya korongo jembamba na vijana hujirusha majini kutoka majabalini. Awaombe ruhusa kwanza. Watamwambia bei yao.