Miaka Miwili ya Kushangilia

Wengi waliosoma nami chuoni hapa Mombasa hawajui kuwa niliwahi kuwa mshangiliaji wa timu ya shule huko Marekani. Baba alipata kazi Minnesota, nasi tukamfuata. Nilikuwa na umri wa miaka 15, Kiingereza changu cha vitabuni, rafiki sina hata mmoja.

Ushangiliaji wa kule si vigelegele vya harusini. Ni kazi ya mazoezi ya kila alasiri, na asili yake haikuwa ya wasichana. Tarehe 2 Novemba 1898, Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwasimamia watazamaji akawaongoza kupaza sauti kwa pamoja. Wanawake hawakuingia katika kikundi cha chuo hicho hadi 1923. Nilipomsimulia Mama, alijibu kwamba wangeliwaachia wanaume kazi yao.

Hata hivyo hakunikataza. Kilichomkera ni sare: sketi fupi, mikono wazi. Alinunua kitambaa cha rangi za timu, akanishonea suruali na kanzu fupi ya mikono mirefu. Mwalimu wetu alikuwa na sharti moja tu, kwamba pasiwe na kitu cha kumnasa mwenzangu kidole wala mguu. Kwa hiyo mtandio ulishonewa kwenye kola, pasi na pini. Mwalimu aliuvuta kwa nguvu, ukakaa, akaridhika.

Ngoma ya mapumziko sikuicheza. Hilo tuliafikiana nyumbani. Tena mwanzoni mwa Septemba jua la kule huzama mechi za Ijumaa jioni zikiwa zimekwishaanza, basi wenzangu walipokuwa wakicheza, mimi nilikuwa nyuma ya majukwaa nikisali Magharibi juu ya koti langu.

Kazi yangu ilikuwa kubeba. Watatu tulisimama chini, tukamwinua wa nne kwa nyayo zake hadi juu ya mabega yetu, na akiporomoka tumdake. Amri ya kwanza ilikuwa kutomwondolea macho. Darasani hakuna aliyenisemesha kwa miezi. Lakini mtu anayekuaminia shingo yake kila siku hatimaye hukuuliza umekula nini. Hivyo ndivyo nilivyompata rafiki wa kwanza.

Habari zilipofika kwetu, wapo waliosema Baba amempoteza mwanawe. Siwalaumu sana, kwani walikuwa wameona picha za televisheni tu. Ila hakuna aliyeniuliza nilikuwa nikivaa nini, wala nikifanya nini hasa. Mama aliwaacha waseme.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kuwa mshangiliaji huupa uwanja mgongo. Mechi nyingi sikuziona; nilizisoma katika nyuso za watu waliokaa mbele yangu. Usiku mmoja Mama alikuja, akaketi safu ya juu kabisa, buibui lake likipepea kwa baridi. Mpira hakuutazama hata mara moja.

Sasa binti yangu ameomba ruhusa ya kujiunga na timu ya netiboli ya shule yake. Baba yake angali anafikiri. Mimi nimekwisha kwenda kununua kitambaa.