Kiberiti cha Tarehe 22

Usiku wa tarehe 13 Desemba 2024, saa sita kasoro, nilikuwa nimesimama sebuleni kwangu Kimara, kalamu mkononi, najiandaa kumwibia mtoto wangu. Kitu chenyewe kilikuwa kikaratasi kisichozidi urefu wa kidole, kimekunjwa ndani ya boksi la kiberiti lenye namba 22.

Maboksi yenyewe yalikuwa 24. Nilikuwa nimeyafunika kwa vipande vya kitenge na kuyatundika kwenye kamba ukutani, juu ya televisheni. Kila asubuhi kabla ya chai, binti yangu mwenye miaka sita alifungua moja, akakisoma kikaratasi cha ndani kwa kuunganisha silabi, na siku yetu ikapangwa na kile alichokisoma. Cha tarehe 22 nilikiandika mwenyewe mwishoni mwa Novemba, kwa mwandiko mzuri kabisa: “Leo tunapanda basi kwenda kwa Bibi.”

Nilipoandika vile mshahara wa Novemba ulikuwa haujatoka, lakini ndo kawaida yetu kazini, unachelewa halafu unakuja. Mchana ule wa tarehe 13 tukaitwa kwenye kikao. Tukaambiwa wa Novemba usubiri Januari. Wa Desemba hata haukutajwa.

Kwa hiyo nikawa na kalamu, na kikaratasi kingine nilichokwisha kukikata. Nilikuwa nafikiria kuandika: “Leo tunakwenda ufukweni.”

Ngoja nieleze viberiti vilifikaje ukutani.

Mwishoni mwa Novemba, kabla shule hazijafungwa, mzazi mmoja alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wa darasa. Juu ya friji lake alikuwa amekaa kijimtu chekundu cha kitambaa, miguu mirefu, macho ya pembeni. Nikaeleweshwa kwamba huyo mchana anakaa kimya akiwaangalia watoto, usiku anakwenda kupeleka ripoti kwa Baba Krismasi, na asubuhi anakutwa mahali pengine: mara ndani ya kabati la vikombe, mara kwenye pazia. Mila hiyo ilianza Marekani kwa kitabu cha mwaka 2005 cha Carol Aebersold na binti yake Chanda Bell, kikiuzwa pamoja na kijimtu chenyewe. Miaka michache tu, na leo yuko juu ya friji za Dar es Salaam.

Binti yangu alitaka mmoja. Nikamwambia hapana. Mimi ni mwandishi wa habari bwana, siwezi kumleta mpelelezi nyumbani kwangu kwa hiari, tena nimlipie.

Akaja na ombi la pili: kalenda ya chokoleti. Zile za boksi lenye vimlango 24, kila siku ya Desemba unafungua kimoja. Nikaikuta supamaketi, shilingi 58,000. Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu. Zaidi ya shilingi 2,400 kwa kila chokoleti, na chokoleti yenyewe ina ukubwa wa kifungo cha koti. Nikairudisha kwenye rafu. Jioni nikapita kwa Mangi, nikanunua viberiti 24. Mangi akaniuliza kama nafungua duka. Njiti nilizimimina kwenye kopo la Blue Band, na mpaka leo tunazitumia.

Sisi waandishi tuna ugonjwa wetu: tukishika kitu lazima tutafute kilikotoka. Usiku ule nikiwa nabandika vitenge nikasoma kuhusu Johann Hinrich Wichern, Mlutheri wa Hamburg, ambaye mwaka 1833 alianzisha makao ya kulea watoto maskini. Watoto wake walimsumbua kila siku ya Desemba kwa swali lile lile: Krismasi bado? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa juu yake, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Kila siku wakawasha mmoja zaidi. Nikasoma pia kuhusu Gerhard Lang, mchapishaji wa Munich. Alipokuwa mtoto mama yake alimbandikia vibiskuti 24 kwenye kadi, kimoja kwa siku, ili aache kuuliza. Alipokua, mwanzoni mwa karne ya 20, akaanza kuchapa kalenda za kusubiria Krismasi. Zile chokoleti za 58,000 zina asili kwenye vibiskuti vya mama yule.

Halafu yuko J.R.R. Tolkien, ambaye wasomaji wengi wa hapa mnamjua kwa pete na mazimwi. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1943 aliwaandikia watoto wake barua kila Krismasi, akijifanya Baba Krismasi wa Ncha ya Kaskazini, kwa mwandiko wa kutetemeka, pamoja na michoro na hata stempu alizozichora mwenyewe. Barua hizo zilikuja kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1976, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Nikajisemea, basi, kuandika nakuweza. Hela ndo sina. Nikaandika vikaratasi 24. Tarehe 3: leo tunapika maandazi, wewe unakata. Tarehe 6: leo chagua mtu mmoja tumpigie simu tumwimbie. Tarehe 9: leo utasimuliwa habari ya mbuzi wa Bibi aliyekula kitabu cha nyimbo. Tarehe 12: leo tunapeleka nguo zisizokutosha kwa mtoto wa mama wa chapati. Vingine havikugharimu hata mia. Tarehe 22 ndiyo ilikuwa kubwa, na ndiyo pekee niliyoiandika bila kuwa nayo mfukoni.

Sisi kwetu ni Machame. Kwa asiyejua, Mchaga na Desemba wana habari yao. Stendi inajaa, nauli inakuwa ya kugombania, Dar inabaki na nafasi barabarani. Watu hutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani una ukweli wake, kwa sababu ukifika, kweli unahesabiwa. Nani kaja, nani hakuja, na aliyekuja kaja na nini.

Nilipokuwa mdogo mimi nilikuwa upande wa pili wa safari hiyo. Tuliishi kihambani na mama na bibi, chini ya migomba. Baba alikuwa fundi gereji Gerezani, Dar, na tulimwona Pasaka na Krismasi. Hatukuwa na kalenda ya chokoleti wala ya viberiti. Tulikuwa na mishumaa minne ya Adventi kanisani, ambayo wakati huo sikujua kama ina ukoo na gurudumu la mtu wa Hamburg. Wa kwanza ukiwashwa, mama anaanza kuweka mchele pembeni. Wa pili, tunapaka chokaa kuta. Wa tatu, tunapamba tawi la mti wa Krismasi kwa pamba ya dukani, ati theluji, na ukitoka nje mawingu yakiwa yameachia, theluji yenyewe iko pale juu Kibo inakuangalia. Wa nne ukiwashwa, Baba yuko njiani.

Wiki ile tulikuwa tunashuka barabarani kila jioni kungoja magari yanayopanda kutoka Moshi. Baba alikuwa anashuka na maboksi mawili yaliyofungwa kamba ya katani. Ndani kuna nguo mpya, viatu vya kubahatisha saizi, mikate ya Dar iliyobonyea, na kwa bibi shuka au kitenge. Harufu ya maboksi yale, karatasi na grisi, hata leo nikiisikia mahali nageuka.

Desemba 1997 nilikuwa na miaka minane. Ni ule mwaka wa mvua za El Niño, mvua ambazo hazikujua kunyamaza. Mshumaa wa nne ukawashwa. Tukashuka barabarani Jumatatu, Jumanne, Jumatano ya mkesha. Baba hakushuka kwenye gari lolote. Mama akatuambia barabara imekatika, maji yamebeba daraja, magari ya Dar hayapiti.

Nikaamini kwa muda wa saa moja hivi. Kwa sababu mkesha ule ule, kabla giza halijaingia, baba wa jirani yetu, naye wa Dar, alipita mbele ya nyumba yetu na boksi lake begani. Alitusalimia. Watoto wake walikuwa wanamkimbilia. Nilisimama kwenye uzio nikamwangalia mpaka akapotea kwenye migomba. Kama daraja limebebwa, huyu amepita wapi?

Sikuuliza. Nilikula pilau, nikaimba kanisani na gauni la mwaka uliopita lililokuwa limenibana makwapa. Lakini kitu nilichokijua nilikijua. Miaka yote iliyofuata, mishumaa ikianza kuwashwa, nilihesabu kwa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Baba alikuja Krismasi zote zilizofuata mpaka alipofariki, na sikumbuki hata moja niliyomngoja kwa moyo wote kama nilivyomngoja kabla ya ile.

Haya yote yalikuwa mbali kabisa na akili yangu usiku ule wa Kimara. Nilichokuwa nacho akilini ni hesabu. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi naweza kuikopa. Lakini huendi kwa mama yako mjane mikono mitupu. Wadogo zangu watakuja na vitu. Mashangazi watauliza kazi inaendaje. Na mimi sina mume wa kusingizia. Bora ufukweni. Januari nitakwenda peke yangu, kimya kimya, hela zikitoka. Mtoto nitamwambia mabasi yamejaa.

Nikatoa boksi la 22 kwenye kamba, nikalisukuma. Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mara nne, ovyo. Mimi nilikunja vyote mara mbili, nakumbuka, kwa sababu nilitumia rula. Na pembeni kilikuwa na alama ya kidole, ya jamu.

Alikwisha kukisoma. Sijui siku gani. Alipanda kwenye kochi, akachungulia, akasoma silabi kwa silabi, akarudisha, halafu akaendelea kufungua cha saba, cha nane, cha tisa, bila kuniambia neno. Alikuwa anatembea na tarehe 22 yake moyoni kama mtu mwenye hela kwenye pindo la khanga.

Nikakirudisha. Kile kingine nikakichana.

Asubuhi nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za ng'ombe. Nikamweleza ya mshahara. Nikasema labda mwaka huu nisije, nije baadaye nikiwa nimejipanga. Akakaa kimya kidogo, nikadhani mtandao umekata.

“Mwanangu,” akasema, “unakumbuka ule mwaka wa mvua?”

Nikasema nakumbuka.

“Baba yako hakuwa amelipwa. Gereji ilimzungusha mpaka mkesha. Akamtuma jirani aje aniambie, mwambie mama fulani nimekwama, barabara mbaya. Aliona aibu kushuka bila maboksi.” Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. “Mchele ulikuwepo, si uliona? Nyama bibi yako alipata fungu lake. Kila kitu kilikuwepo. Yeye ndiye hakuwepo.”

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukielewa. Pasaka iliyofuata Baba alikuja, na kabla hajaingia ndani alisimama kwenye uzio akakata jani la isale, akaenda nalo mpaka kwa bibi, akampa kwa mikono miwili. Kwetu isale ni jani la kuomba msamaha. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikimenya mahindi. Nilidhani anaomba msamaha kwa bibi kwa jambo lao la wakubwa. Sisi watoto hakutupa jani, na wala sikujua kwamba tulikuwa tunadaiwa.

Nauli niliipata kwa kuhariri ripoti ya mtu kwa usiku minne. Ilitosha tiketi mbili za kwenda, kilo tatu za sukari, majani ya chai, na kitenge kimoja cha bei ya kawaida. Ya kurudi tungejua mbele. Binti yangu nilimwambia wazi: mwaka huu mama hajalipwa, nguo mpya hakuna. Akauliza kama Bibi bado ana mbuzi. Nikamwambia anaye. Basi, akaridhika, akarudi kwenye katuni zake.

Tarehe 22 ilikuwa Jumapili, ya mshumaa wa nne. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa stendi ya Mbezi, katikati ya mabegi, magunia, akina mama na watoto waliolala mabegani. Nilikuwa nimekuja na boksi la 22 kwenye mkoba, na la 23 na la 24 nimeyafunga pamoja kwa mpira wa nywele. Nikampa. Akalisukuma taratibu, akakikunjua kikaratasi, akakisogeza kwenye mwanga wa taa.

“Le-o tu-na-pa-nda ba-si,” akasoma, kwa sauti ya watu wote kusikia, “kwe-nda kwa Bi-bi.” Halafu akafungua macho na mdomo, akaniangalia kama mtu aliyepigwa na mshangao mkubwa.

“Mama! Kumbe leo!”

“Ndiyo,” nikasema. “Leo.”

Basi lilichelewa dakika arobaini. Hakulalamika hata mara moja.