Karatasi ya Miezi 3

Tangu tutoke Fizi, karatasi yetu ya kuomba ukimbizi hapa Nakivale, Uganda, ilikuwa ya miezi 3. Ikiisha, unarudi foleni. Juzi tukapewa ile ya familia, ya wakimbizi waliokubaliwa. Kwa furaha niliikunja bila kuisoma. Mke wangu ndiye aliyeona: tuko watu 5, majina ni 4. Kitinda mimba wetu, aliyezaliwa hukuhuku kambini, hayumo. Na asiyekuwa kwenye karatasi hahesabiwi siku ya posho.

“Baba Furaha, rudi leo leo,” akasema.

Nilirudi mbio, nikakuta dirisha limefungwa. Wapendwa wasikilizaji, kesho saa 12 asubuhi niko pale tena, na kadi ya kliniki ya mtoto mfukoni.