Luvungi na Wimbo wa Usiku Mtulivu

Ukitoka Uvira kwenda Bukavu siku za Noeli, pumzika kidogo Luvungi. Utasikia kwaya na gitari zikiimba ule wimbo wa usiku mtakatifu. Kumbe ulianza vilevile! Padri Joseph Mohr wa Austria aliandika maneno mwaka 1816, vita vya Napoleon vikiwa vimeisha mwaka uliotangulia. Mwalimu Franz Gruber akautungia sauti. Tarehe 24 Desemba 1818 wakauimba Oberndorf kwa gitari. Noeli ya 1914 ulisikika mahandakini, Wajerumani na Waingereza wameweka bunduki chini. Bing Crosby aliutia katika disiki mwaka 1935, Mahalia Jackson baadaye. Lakini sisi wa Bonde la Ruzizi, tuliojua usiku wa risasi, tunauelewa hata bila disiki. Kijana, usiuimbe kwa mazoea. Ukiuimba, kumbuka pia jirani usiyepatana naye: naye anatafuta usingizi.