Nyani Haoni Kundule: Kisa cha Stima ya Nyumba Yetu

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Methali hii nilikuwa nikiitumia kwenye insha tu ili nipate alama, hadi mwaka huu stima iliponifunza maana yake.

Kwetu ni Mtopanga, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Mita ya tokeni ni moja, na kila mwezi twachanga. Mchango ulipanda hadi shilingi 750 kwa kila chumba, na bado tokeni ilikuwa ikiisha kabla ya mwezi. Ikizimika usiku, watu hutoka milangoni, joto hilo, na maneno huanza. Mwisho wa maneno huwa ni mama yangu, kwani ndiye mwenye friji. Mama huuza juisi ya ukwaju na maji baridi, na vitabu vyangu hutoka humo humo.

"Dada, hilo friji lako latumaliza!" jirani wa chumba cha kona alimwambia usiku mmoja, mbele ya watoto. Mama alinyamaza. Mimi nikalia kwa hasira, nikaapa kuwa nitapiga hesabu nimtoe mama lawamani.

Kwanza nilitafuta kujua bei yenyewe. Kumbe Kenya Power hawajipangii bei watakavyo. Huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na petroli. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa uniti. Hadi uniti 100, shilingi 16.30, akipita 100, shilingi 20.97. Hutazamwa wastani wa miezi mitatu. Juu yake kuna kodi ya asilimia 16 na malipo ya mafuta yanayobadilika kila mwezi, kwa sababu mitambo kama ile ya Kipevu, hapa hapa Mombasa, huchoma mafuta kutoa stima.

Hapo nikagundua jambo. Mita haihesabu watu. Sisi ni vyumba sita, na wengine hawana ila taa na redio, lakini kwa kuwa mita ni moja na twatumia kama uniti 150, sote tulikuwa twalipa bei ya wakubwa! Hata mzee wa chumba cha pili mwenye taa moja.

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Basi Jumapili moja niliwaomba majirani wazime kila kitu kwa saa tatu, nikaacha friji peke yake. Nilisoma mita mwanzo na mwisho. Zilikuwa zimeliwa uniti 0.36. Nikazidisha: kwa siku karibu uniti 3, kwa mwezi 86.

Moyo ulinipasuka. Zaidi ya nusu ya stima ya nyumba nzima ilikuwa ikiingia kwenye friji letu!

"Vipi, mwanafunzi?" jirani aliuliza. Nikasema bado napiga hesabu. Wallahi nilidanganya. Kwa siku mbili nilificha daftari chini ya godoro. Siku ya tatu nikamwonyesha mama, nikitarajia kofi. Alilitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, umelipima la jirani ukalipata letu. Nenda ukawaite."

Nilisoma hesabu zote ukumbini, sauti ikitetemeka. Sikuacha kitu: na taa ya ukumbini, ya wati 60, ikikesha saa kumi na mbili kila usiku, ilikula karibu uniti 22 kwa mwezi. Hiyo ni yetu sote, na hakuna aliyewahi kuilalamikia. Jirani wa kona akacheka kidogo, akasema yeye ndiye huiacha ikiwaka, kwani aogopa giza.

Fundi alipokuja alikuta mpira wa mlango wa friji umepasuka, baridi yatoka usiku na mchana. Mama aliubadilisha, akalisogeza friji mbali na ukuta, na sasa hulipia uniti zake mwenyewe. Nilipopima tena, friji lilikula uniti 36 kwa mwezi. Ukumbini tukaweka taa ya wati 9, inayowaka saa 111 kabla ya kumaliza uniti moja. Tukashuka hadi uniti 84, na wastani wetu ulipoingia chini ya 100, bei nayo ikashuka.

Wenzangu, hasa mnaokaa nyumba za kupanga, kabla ya kugombana na jirani someni mita. Lakini anzeni na chumba chenu. Juisi ya mama bado ni baridi, na siku hizi jirani wa kona ndiye mteja wake wa kwanza.