Shibe ya Transista

Wahenga walisema shibe mwana malevya. Tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu, methali hii nimezidi kuielewa kwa kuitazama transista ndogo iitwayo 2N3904.

Transista ya aina hii hutumika kama swichi. Mkondo mdogo unaoingia kwenye besi huruhusu mkondo mkubwa kupita kati ya kolekta na emita. Ukiukata ule mdogo, mkubwa nao hukoma, lakini haukomi papo hapo. Besi ikilishwa kupita mahitaji yake, transista hushiba: chaji za ziada hurundikana ndani, na sharti ziondoke kwanza ndipo izimike. Katika masharti ya vipimo vya watengenezaji, kolekta ikiwa na miliampea 10, kuwaka huchukua nanosekunde zisizozidi 70. Kungoja shibe iishe peke yake kwaweza kufika 200.

Mjukuu wangu, anayesomea ualimu wa fizikia, aliliigiza jambo hili katika kompyuta kwa programu ya ukoo wa SPICE, ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchoro ulitoka safi.

"Babu, sasa tupime ya nini?" akauliza.

Nikamwuliza ni nani aliyeipa kompyuta zile namba. Programu hukokotoa kwa vigezo ilivyopewa. Kigezo cha shibe kikiwa cha kubuni, jibu nalo litakuwa la kubuni, hata mstari ukinyooka vipi.

Tukawasha osiloskopu yangu kuukuu ya megahezi 20. Tulipopunguza mkondo wa besi, kuchelewa kulipungua mbele ya macho yetu. Hata hivyo nilimwonya. Chombo hiki chenyewe huhitaji nanosekunde zipatazo 17 ili mstari wake upande. Kitu kinachopanda kwa nanosekunde 5 kitaonekana kama cha 18. Utadhani umeipima transista, kumbe umeipima osiloskopu.

Msomaji mwenzangu, kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuketi nyuma ya darasa nikiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Alama moja iliweza kumpa kijana kazi au kumrudisha kwao. Kwa sababu hiyo sikuandika alama ya kumwangusha mtu kabla ya kurudi darasani kwake siku nyingine, na mkaguzi mwingine pembeni yangu. Mkaguzi mzito humwona kila mwalimu kuwa mzito.

Mwakani mjukuu wangu atashika kalamu nyekundu. Katika daftari lake ameandika majibu mawili, la kompyuta na la osiloskopu, na kando ya kila moja ameandika limetokana na chombo gani. Sikumwagiza afanye hivyo.