Kuona na Kuonea: Mtazamaji wa Kilumi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, hadhira aghalabu huelezwa kuwa kundi linaloitikia: hupiga makofi, hupokea kiitikio, hucheka, huuliza. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamgusi mtu aliyesimama kimya ukingoni mwa uwanja, akitazama tu. Je, naye ni mshiriki?

Swali hili lina uzito wa pekee huko Machakos, penye ngoma ya kilumi, ambayo Wakamba wameihusisha na maombi ya mvua na uponyaji wa waliopagawa na mizimu. Mchezaji wa kilumi hachezi ili apendeze macho. Hucheza kwa kuwa kuna jambo linalomlemea yeye au jamii yake. Jirani aujuaye mzigo huo na mgeni apitaye njia huona mabega yaleyale yakitikisika. Yamkini wayaonayo hayafanani.

Sayansi ya ubongo inaelekea kuliunga mkono wazo hili. Mwaka 1992 watafiti wa Parma, Italia, walieleza kwamba katika ubongo wa kima zimo seli ambazo huamka mnyama huyo anaposhika kitu, na pia anapomwona mwingine akikishika. Mwaka 2005 wachunguzi wa London waliwaonyesha wachezaji wa baleti na wa capoeira miondoko ya michezo yote miwili; ubongo wa kila mmoja uliitikia zaidi ile ambayo mwili wake ulikuwa umefunzwa. Mwaka 2006, huko Groningen, Uholanzi, ilidhihirika kwamba watu wenye mazoea ya kujiweka mahali pa wenzao waliitikia kwa nguvu zaidi hata waliposikia tu sauti za vitendo vya mikono na vinywa. Wataalamu wangali wanabishana juu ya kazi hasa ya seli za namna hiyo kwa binadamu. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba macho hayatazami peke yake: mazoea ya mwili na uhusiano wa watu hutazama pamoja nayo.

Kiswahili chenyewe kinadokeza jambo hili. Kitenzi kuona, katika kauli ya kutendea, huwa kuonea. Kutoka hapo tunapata kuonea huruma na kuonea uchungu. Lakini kuonea, likisimama pweke, ni kudhulumu. Utafiti mwingine wa London, uliochapishwa mwaka 2006, unakaribia maana hizo mbili: wanaume walipomtazama akiumia mtu aliyewatendea hila mchezoni, mwitiko wa huruma katika ubongo wao ulififia.

Hapa ndipo mhakiki naye anapoguswa. Amefundishwa kwamba akisimama mbali ataona sawasawa, naye hurudi na hesabu ya mapigo, mpangilio wa nyimbo na mavazi. Hayo yote yana thamani, lakini aliyeyaandika hakuwa na mgonjwa uwanjani wala shamba lililokauka. Hapana budi, basi, uhakiki wa kilumi utaje mtazamaji alisimama wapi, alimjua nani, na alikuwa na haja gani siku ile. Taarifa hizo ni sehemu ya ushahidi, kama zilivyo nyimbo zenyewe.